Majina ya Juu ya Paa

Fundi mkuu aliacha kupanda mapaa tangu goti lake la kulia lilipomgomea, lakini mdomo wake haukustaafu. Kila asubuhi alifika kazini na kigoda chake, akakiweka mahali pa kuona paa zima, akaanza kuwagawia mafundi wake majina.

Majina yenyewe yalikuwa na daraja zake. Aliyepanda ngazi huku mikono yote miwili imeshika vitu, huyo alikuwa Mtundu. Aliyekanyaga bati kabla halijapigiliwa misumari, Kichwa Maji. Aliyeambiwa "shuka" akajibu "naja" na asije, Mjuba. Na juu yao wote, peke yake kama jogoo juu ya jaa, alikaa Mwehu: mtu aliyetembea juu ya mgongo wa paa na kikombe cha chai mkononi bila kumwaga tone. Mwehu alikuwa mmoja tu, na kwa bahati mbaya alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Fundi mkuu aliamini kabisa kwamba anawakaripia. Tatizo ni kwamba aliwakaripia kwa utamu. Alitikisa kichwa, akapiga paja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na aliyekaripiwa akateremka kifua mbele kwenda kuandika jina lake jipya kwenye mpini wa nyundo. Kamba ya usalama, ambayo zamani kila mtu aliifunga kiunoni, ikabaki ya wasio na jina. Siku hizi aliifunga mtu mmoja tu, baba wa watoto wengi, mnene, mpole, aliyepanda ngazi akiisemesha. Yeye walimwita Kunguru, maana kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Lilikuwepo jina moja ambalo hakuna aliyelipata akiwa hai. Shujaa. Hilo fundi mkuu alilitoa mara moja tu, makaburini, kwa mdogo wake aliyeteleza kutoka paa la kiwanda. Tangu hapo kila mtu alijua kwamba ushujaa ni mali ya marehemu, na walio hai hawakuugusa.

Jumapili mchana binti yake, ambaye ni mshonaji, alikuwa akipinda ukingo wa gauni sebuleni kwake, baba mtu akisinzia kwenye kiti.

"Baba, kesho mnaanza ule ukumbi wa shule."

"Tunaanza."

"Paa lile limesimama sana."

"Limesimama kidogo."

"Mwambie mwenzangu ajifunge kamba."

"Nimwambie mara ngapi, mama? Kila siku namtukana."

Binti akasimamisha cherehani. "Unamtukana huku unacheka. Siku uliyomwita Mwehu alirudi hapa akanihadithia mpaka chakula kikapoa. Ungedhani amepewa ubunge."

"Sasa nimwiteje?"

"Sijui, mwenye majina ni wewe. Mimi najua kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nataka kicheko nyumbani kwangu." Sauti yake ikashuka. "Naogopa, Baba. Mtu akigonga mlango mchana, nakaa kwanza. Sitaki kufungua."

Fundi mkuu akaukumbuka mlango aliougonga yeye mwenyewe siku ile ya msiba, wa mke wa mdogo wake, na jinsi ulivyochelewa kufunguliwa.

Jumatatu walikuta manyunyu yamelowesha mabati. Fundi mkuu hakukaa hata kidogo kabla ya kufoka kwamba kila mtu afunge kamba. "Tunafunga," wakajibu, wakapanda bila kufunga. Huo ulikuwa ujuba, na ujuba ulikuwa na jina lake tayari. Walikuwa wanalingoja.

"Mpumbavu wewe!" akamfokea mkwewe, safari hii bila hata chembe ya kicheko.

Mkwe akageuka huko juu, uso umechangamka. "Hilo jipya, Baba. Liko juu ya Mwehu au chini yake?"

Paa zima likacheka. Mwehu naye akacheka, na katika kucheka mguu wake ukateleza. Ulikuwa mtelezo wa kiatu kimoja tu, akashika ukingo wa bati, akasimama, akainua mkono kuwaonyesha kwamba mambo ni shwari. Wenzake wakampigia makofi.

Chini pale, Kunguru alikuwa bado anafunga kamba. Alifunga fundo, akalivuta, hakuliamini, akalifungua, akalifunga upya.

Fundi mkuu akasimama. "Shujaa," alisema.

Hakupaza sauti, lakini nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kunguru aligeuka nyuma kutazama nani ameingia.

"Nani, Baba?" akauliza Mwehu.

"Huyu hapa, mwenye kamba. Ana nyumba imejaa watoto, na kila jioni wanamwona." Goti lilikuwa linamuuma, lakini hakukaa. "Mdogo wangu hakufunga kamba. Nilimpenda, nikamchekea jinsi ninavyowachekea nyinyi, akateleza. Nilimwita shujaa kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa mkewe. Heri ningemwita Kunguru. Leo tungekuwa hapa wawili, tunabishana goti la nani bovu zaidi."

Kunguru akafuta uso kwa kofia, akaanza kupanda, akiisemesha ngazi kwa sauti ya chini. Kisha Mwehu akashuka, mikono yote miwili kwenye ngazi, akaenda kwenye sanduku la kamba, akachagua moja ambayo panya walikuwa hawajaionja. Kichwa Maji akamfuata. Mjuba naye akasema anakuja, na akaja kweli.

Wakati wa chai, Mwehu alichuchumaa kando ya kigoda, kikombe mkononi na kamba bado kiunoni. Alikunywa, akakohoa, akakunywa tena.

"Baba, mimi nami nimefunga."

"Nimekuona."

"Mbona hujaniita?"

Fundi mkuu akamtazama vizuri, kijana mzima aliyenuna kwa kunyimwa jina, na kicheko kikamrudia.

"Wewe zeeka kwanza. Siku utakayokalia kigoda hiki goti linakuuma, njoo unidai."

"Siku hiyo wewe utakuwa umeshakufa, Baba."

"Basi utamdai mkeo. Atakuwepo, anakucheka."