Gavana Aliyekula kwa Shemeji

Katika miaka yote ya utu uzima wake, Verlyn Tjaden hakuwa amewahi kumpima mgombea urais ambaye hakuketi mezani kwake. Ndivyo ilivyo desturi ya Iowa, jimbo la Marekani linalotangulia kuchuja wagombea: atakaye kuitawala nchi huanza kwa kubisha hodi majikoni mwa wakulima, na mkulima akiulizwa atamuunga mkono nani, hujibu kwamba bado hajui, kwa kuwa wamekutana mara tatu tu. Kijijini Oster hapakuwa na jiko lililobishwa hodi zaidi kuliko la Tjaden. Maseneta walikunywa kahawa yake. Mmoja, mtu wa kilo nyingi, alivunja kiti, na kiti kile hakikutengenezwa wala hakikutupwa.

Watu walimwita Mwalimu, ingawa shule aliyoiongoza ilikuwa imefungwa na watoto kuhamishiwa mji mwingine. Ulipokaribia mkutano wa mchujo, ambapo wanachama huchagua mgombea wa chama chao, walimwendea na kumwuliza, "Mwalimu, huyu vipi?" Naye aliwajibu bila upendeleo. Heshima hiyo ndiyo iliyombakia.

Kwa hiyo, Gavana Corwin Haglund wa jimbo la ng'ambo ya mto, aliyeutaka urais mwaka ule, alipofika Oster wakati wa mavuno, akapita mbele ya lango la Tjaden bila hata kupunguza mwendo, akaenda kula katika banda la matrekta la Harm Eilers, Tjaden alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu. Harm alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Ardis. Alikuwa mfuga nguruwe mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya shamba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuchunguza jambo lolote la mgombea isipokuwa kofia alizogawa.

Na lililouma zaidi ni kwamba pai iliyoliwa bandani mle ilikuwa ya Ardis.

"Ulimpelekea pai yangu," Tjaden alimwambia mkewe jioni ile.

"Yako? Tangu lini wewe ukapika?" Ardis alikuwa bado na shali begani. "Harm ni ndugu yangu, kaniomba. Tena ungekuwepo! Gavana kala vipande viwili, kisha akasimama mbele ya watu wote akauliza, 'Nani kapika hii? Kama hajaolewa, anisubiri!'"

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kooni, cha msichana, ambacho Tjaden hakuwa amekisikia tangu watoto wao wahame nyumbani. Alitoka nje kwenda kutazama lango, kana kwamba lina kosa.

Harm hakujua kuficha neema. Ile ndoo aliyoipindua ili Gavana aikalie aliitundika ukutani, na kila aliyekwenda kuazima spana alionyeshwa. "Usiguse!" alikuwa akisema. "Makalio ya rais yamekaa hapo." Mkahawani, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa kahawa, alimpiga Tjaden bega. "Shemeji, usinune bwana. Mwakani labda atapita kwako yule anayegombea udiwani. Ardis atampikia hata maharage."

Wazee walicheka. Tjaden naye alicheka, kwa meno tu.

Kisha wakamwuliza, kama walivyozoea, "Sasa Mwalimu, huyu Haglund vipi?"

"Sijamchunguza," akajibu. "Nitakwenda kwao."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake. Hakuamini hotuba wala matangazo. Alikwenda alikotawala mtu, akawauliza waliotawaliwa. Safari hii, hata hivyo, alipovuka mto mkubwa asubuhi ya theluji, alijiambia kwamba anatafuta haki, na moyo wake ulijua kwamba anatafuta doa.

Doa alilipata upesi. Katika mji mdogo wa kwanza, kinyozi alimwambia kwamba Haglund alifunga shule za vijijini. "Watoto wetu wanaondoka gizani, wanarudi gizani," alisema yule kinyozi. "Mwanangu wa kwanza anasinzia kwenye sahani." Tjaden aliikumbuka shule yake mwenyewe, madirisha yake yakiwa yamepigiliwa mbao, na hasira iliyompanda ilikuwa ya haki. Furaha iliyopanda pamoja nayo haikuwa ya haki, lakini hakuifukuza.

Angeweza kugeuza gari hapo. Njaa ikamfikisha kwenye mgahawa uliokuwa kando ya daraja jipya, na mama aliyempakulia supu alipoulizwa habari za Gavana, aliweka mkono kiunoni.

"Huyo muongo," alisema. "Alituapia hatapandisha kodi ya mafuta, akapandisha. Akaja hapa hapa kujieleza. Tulimtukana, mzee wangu! Mimi mwenyewe nilimwita jina ambalo siwezi kulitamka mbele yako. Alisimama pale mlangoni mpaka wa mwisho akachoka kutukana, ndipo akasema, 'Daraja litajengwa.'"

"Likajengwa?"

"Hulioni? Waliomtangulia wote waliogopa kupandisha kodi ya kulijenga, lile la zamani likakaa limefungwa, tukawa tunazunguka bonde zima. Mume wangu moyo ulipomkamata, gari la wagonjwa lilipita hapo. Yuko nyuma anaosha vyombo. Nimwite?"

Tjaden alisema hapana haja. Alilivuka daraja lile, akageuza, akalivuka tena. Lilikuwa imara. Na kama vile mwalimu ajuavyo karatasi iliyofaulu kabla hajaiwekea alama, alijua kwamba miongoni mwa wagombea wote wa mwaka ule huyu alikuwa na makosa ya kweli na uongozi wa kweli, na kwamba wengine walikuwa na maneno tu. Akaendesha gari hadi nyumbani akiwa na ghadhabu, maana hakuna kinachomuudhi mwenye kijicho kama ubora wa anayemwonea kijicho.

"Umeona nini huko?" Ardis alimwuliza.

"Shule zilizofungwa."

"Na nini tena?"

"Theluji."

Siku ya mchujo wanachama wa Oster walikusanyika katika ukumbi wa michezo wa kanisa. Pale hapana karatasi ya kura wala pazia la kujifichia. Mtu husimama kwa miguu yake katika pembe ya mgombea wake, akaonwa na jirani zake wote, na kundi lisilotimiza idadi iliyowekwa huvunjwa, watu wake wakatafuta pembe nyingine. Tjaden alisimama katika pembe ya seneta mmoja ambaye hakumpenda sana. Ardis alisimama kwa Haglund, kando ya Harm, na Tjaden aliona kwamba mkewe amevaa blauzi yake ya bluu, ya sikukuu.

Harm ndiye aliyemsemea Gavana. "Ni mtu wa watu!" alinguruma. "Alikaa kwenye ndoo!"

"Na ndoo ilisemaje?" mtu akauliza, na ukumbi ukacheka.

Ndipo Tjaden akajitokeza mbele, na kicheko kikakoma. Alizungumza kwa utulivu, kama alivyozungumza siku zote. Alisema kwamba amefika huko. Alieleza habari za watoto wanaoondoka gizani na kurudi gizani, na za ahadi ya kodi iliyovunjwa. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliporudi katika pembe yake, aliona watu wakitoka pembe ya Haglund mmoja mmoja, wakikwepa macho ya Harm, na ndani yake mlikuwa na utamu kama wa asali iliyoibwa.

Walipohesabiwa, kundi la Gavana lilipungukiwa na mtu mmoja.

Muda wa kubembelezana ukaanza. Harm alivuka ukumbi, ameshika kofia mkononi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Shemeji, nikopeshe mtu mmoja basi. Ile ndoo nakupa. Chukua na msumari wake."

"Rekodi ya mtu haipimwi kwa ndoo, Harm."

"Sawa, mimi ni mjinga wa nguruwe. Lakini umemchinja, bwana."

"Nimesema niliyoyaona."

Ardis alikuwa amekuja nyuma ya kaka yake. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza ili wamsikie.

"Verlyn. Zaidi ya theluji, uliona nini?"

Tjaden alimtazama mkewe. Angeweza kusema hakuona kitu, na watu wangemwamini, kwa kuwa hakuwahi kuwadanganya. Jambo hilo ndilo lililomtisha. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye alikuwa amenyonga na haki akaitia mfukoni.

"Daraja," alisema.

"Daraja gani?"

Basi akawaeleza wote: kodi ilikokwenda, matusi ya mlangoni, na mtu aliyekuwa akiosha vyombo ambaye angekuwa kaburini.

"Sasa mbona hukusema mwanzo, Mwalimu?" aliuliza Wilma Dirks, ajuza aliyekuwa amekaa mbele. "Au kwa sababu hakula kwako?"

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha.

"Ndiyo," alisema Tjaden.

Kicheko kilikufa. Alichukua koti lake kitini, akatembea kutoka pembe moja hadi nyingine huku viatu vyake vikilia sakafuni, akasimama kwa Haglund. Hesabu ikatimia. Hakuna aliyepiga makofi, na yeye hakutegemea makofi.

Harm alirudiwa na sauti yake palepale. Aliwapigia simu watu wa Gavana, na baada ya kitambo Gavana mwenyewe alikuwa hewani, akishukuru kila aliyepewa simu. Ilipofika kwa Tjaden, sauti changamfu ikauliza, "Na hapa naongea na nani?"

Tjaden alitafuta jibu, akaona kwamba lipo moja tu. "Mume wa Ardis."

"Aa! Yule mama wa pai! Una bahati, ndugu yangu."

"Ninajua. Nimelivuka daraja lako, bwana Gavana. Ni imara. Lakini zile shule ulikosea kuzifunga, na nitalisema hilo kila nitakaposimama."

Kabla jibu halijaja, Harm alimpokonya simu. "Usimjali, mheshimiwa, huyo ni shemeji yangu!" Kisha akampa dada yake, na Tjaden, akifunga vifungo vya koti, akakisikia tena kile kicheko cha kooni.

Nyumbani Ardis aliwasha taa ya jikoni. Palikuwa na pai mezani, aliyoioka mchana.

"Nikukatie kipande?"

"Vitatu," alisema Tjaden.

Ardis alishika kisu, akamtazama. "Gavana alikula viwili."

"Ninajua alikula vingapi."

Akamkatia vitatu, vikubwa, akaketi mbele yake. Tjaden alivila vyote, ingawa cha tatu kilimwelemea tangu katikati.