Rangi Isiyobebwa na Video

Jumatano saa nne asubuhi Philbert alichomoa kadi kwenye kamera, akaipuliza vumbi, akaichomeka kwenye kompyuta ya studio yake ndogo huko Ijuganyondo. Ndani mlikuwa na picha fupi za kutembea mia mbili na kumi, za kuondoa matanga ya mzee Avit, kule Buganguzi. Zilikuwa bado mbichi, hazijakolezwa rangi, zimefubaa kama kanga ya kila siku. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza ziwe na rangi za video, aziunganishe na nyimbo za kwaya, ukoo uzitazame Jumapili.

Katika picha ya thelathini na nne marehemu alikuwa amesimama mlangoni pake. Philbert hakushtuka. Marehemu hupenda kutokea kwenye picha mbichi, hasa waliozikwa kibanjani kwao, katikati ya migomba, ambao safari yao ni fupi. Rangi yao haina jina na video haiwezi kuibeba, kwa hiyo picha zikigeuzwa wao hudondoka. Hakuna familia iliyowahi kulalamika.

Ila Avit alikuwa na shughuli. Alipita nyuma ya mdogo wake Kahangwa, ambaye ukoo ulikuwa umemkalisha kwenye kiti cha marehemu na kumrithisha kibanja, kwa kuwa marehemu aliacha mabinti watupu. Avit akachukua panga lake la migombani, alama ya urithi, lililoegemezwa kitini, akaenda mkekani alikoketi mkewe, akampa.

Philbert alimpigia simu mjane huyo, Gaudiosa, naye akaja siku hiyo hiyo. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Amekonda," alisema. Kisha akasema, "Siku ile nilikuta panga mapajani. Nikawaambia ni Avit, kibanja ameniachia mimi. Wakasema tusubiri video. Asipoonekana, Jumatatu natoka kibanjani. Nifanyie aonekane, mwanangu."

"Ataonekana, mama."

Alijaribu. Kumbakiza Avit kulitaka rangi nyingine zote zishushwe, na zikishushwa ukoo mzima ulikuwa na nyuso za majivu, hata padri. Watu wangesema Philbert hajui kazi, na ukishasemwa Buganguzi umesemwa mpaka Kemondo, ambako Jumamosi alikuwa na harusi. Akazigeuza kwa rangi zinazong'aa. Alijiambia kwamba zile mbichi atawaonyesha kwenye kompyuta. Ijumaa, akijiandaa kwa harusi, alifuta kadi na mafaili yote mabichi, kama afanyavyo kila wiki kwa sababu nafasi ni ndogo. Alikumbuka akiwa ameshabonyeza. Alikaa pale pale, anajichukia.

Jumapili shuka jeupe lilitundikwa sebuleni kwa marehemu, video ikawashwa. Shangazi Restituta alisema kitenge chake kimetoka kizuri kuliko kilivyokuwa dukani. Kisha panga likainuka lenyewe, likapita hewani kwa picha saba, likatua mapajani mwa Gaudiosa.

"Hapo kaka ndiye aliyelishika," alisema Kahangwa. "Hata siku ile nilimwona."

"Sote tulimwona," alisema Kyaruzi, mwenyekiti wa ukoo. "Ila kwenye video hayupo."

Katibu wa ukoo akaandika: hayupo.

Philbert alisimama, akasema kosa ni lake, kwamba Avit alikuwemo na yeye ndiye aliyemfuta. Walimsikiliza kwa heshima. Mwenyekiti alimwambia asijisumbue, kazi imependeza.

Jumatatu alimkuta Gaudiosa akifunga godoro kwenye pikipiki, anakwenda kwa kaka yake Kemondo. Aliomba radhi.

"Ungemwacha, wangesema picha zina giza," alisema Gaudiosa, akaendelea kukaza kamba. Afadhali angemtukana.

Avit bado anaonekana, bila kamera. Kila asubuhi yumo kibanjani, anaambua majani makavu kwenye migomba. Kahangwa humwamkia kwa adabu, "Pole na kazi, kaka," humpisha apite, kisha hukata mkungu uliokomaa na kuupeleka nyumbani kwake.