Mafuta ya Sili ya Mwaka 1938

Mwaka 1971 nilikuwa mwanafunzi wa kemia Stockholm, nimepanga chumba Hässelby, kitongoji cha jiji hilo, kwa Bibi Märta, mjane wa mvuvi. Kiswidi changu nilijifunzia jikoni kwake, maana hakujua lugha nyingine. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa ikichemka birikani, namkumbuka.

Maabara tulikuwa tukitafuta sumu ya viwandani katika mafuta ya samaki, sumu isiyooza, huku sili, wanyama wa baharini walao samaki hao, wakizidi kupungua. Tulipima samaki wa kila kijiji cha pwani, nami nikaandika namba kwenye ramani. Kadiri tulivyokaribia ghuba moja ya kaskazini, namba zilipanda. Ghubani palikuwa na kiwanda. Wenye kiwanda walijitetea kwamba sumu hiyo imo baharini tangu enzi na enzi. Mkuu wangu alisema hatutawaweza mpaka tupate mafuta ya zamani, ya kabla ya kiwanda, kutoka ghuba ile ile.

Nilimsimulia Bibi Märta wakati wa chakula, bila kutegemea lolote. Aliteremka stoo, akarudi na chupa iliyozibwa kwa nta. Nils, marehemu mumewe, alizaliwa ghuba hiyo. Mwaka 1938 aliwinda sili huko, akayeyusha mafuta yake ya kupaka viatu. Yalikuwa yamebaki kidogo tu. Kila mwaka, siku aliyofariki Nils, Bibi Märta aliifungua chupa, akainusa, akaifunga tena.

Nilimwambia kipimo kitayamaliza yote.

"Chukua, Dafrosa," alisema. "Lakini ukikuta sumu, usinifiche."

Nilipima mara tatu. Hapakuwa na kitu. Nilipanda treni kurudi Hässelby kabla hata ya kuandika ripoti.

"Bahari yake ilikuwa safi, bibi," nilimwambia. "Uchafu umekuja baadaye."

Aliniuliza kama nina hakika. Nilipoitikia, akavuta kiti, akaanza kunieleza jinsi barafu ilivyopasuka kila mwezi wa nne, na sili walivyolala visiwani wengi kama ng'ombe wa kwetu Karagwe waliorudi machungani. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili na sikuwahi kumsikia akimtaja Nils zaidi ya mara moja kwa siku. Siku hiyo alimtaja mpaka kahawa ikapoa.

Utetezi wa kiwanda ulianguka. Mwaka uliofuata kiliamriwa kuziba bomba lake la majitaka, ingawa sumu iliyokwisha kutua kwenye tope haikuondoka.

Bibi Märta alifariki mwaka 1976, tukamzika kandokando ya mumewe. Mimi nilibaki maabara, na kila mwaka nilikwenda ghubani kuchukua samaki. Mwaka 1979 namba ilishuka kwa mara ya kwanza. Niliiangalia muda mrefu. Wenzangu walifurahi, nami nilifurahi pamoja nao, lakini niliyetaka kumwambia hakuwepo.