Maziwa ya Ukweni

Mabula alikuwa mtu wa kushuka shimoni mita sitini bila kutetemeka, ila Jumapili ile alikaa kwenye kochi la ukweni, Ushirombo, jasho linamtiririka. Amekuja kumposa Melania, na tumbo nalo limekuja.

Tumbo hilo Nyarugusu nzima, kule machimboni kwake, ililijua. Mara limejaa kama mpira, mara limemfungia siku tatu, mara linamkimbiza. Wambeya walisema karogwa kwa ajili ya dhahabu. Mwishowe daktari alimpima kila kipimo, hakuona kidonda wala mdudu. Akamweleza kwamba utumbo wake ni mwepesi kushtuka tu: hautamuua, wala hakuna dawa ya kuumaliza moja kwa moja, ila ajue kinachouchokoza, ale kwa saa, apunguze mawazo. Wa Mabula ulichokozwa na maharage, maziwa na wasiwasi.

Wasiwasi alikuja nao. Maziwa yakaletwa.

Ilikuwa kata kubwa ya maziwa mgando, na katika nyumba ile mposaji asiyekunywa ni sawa na kusema binti hamtaki. Mshenga wake, Akida, mfanyabiashara wa Maganzo, alimwona anavyobadilika rangi, akawahi kusema mwenzake amefunga.

Shangazi Eufrasia, kiongozi wa akina mama parokiani, akaitua kata.

"Kafunga Dominika? Kanisa gani hilo, baba?"

Akida, Mwislamu wa watu, akatazama dari. Mabula akaona mke anampotea hivi hivi.

"Shangazi, sijafunga. Nina tumbo korofi. Nikinywa haya, posa mtaimalizia mlangoni mwa choo. Melania namtaka. Maziwa ndiyo siyawezi."

Shangazi akamsogelea.

"Na gesi unayo?"

Kumbe mwenzake huyo! Miaka kumi maharage anayakwepa kimyakimya, na mtaa ulishamzushia mimba akiwa na miaka hamsini na tano. Basi nyumba ikachangamka, kila mtu akataja tumbo lake, posa ikasahaulika nusu saa nzima, hadi shangazi alipomgeukia Akida.

"Lakini maziwa hayarudi jikoni. Atayanywa mshenga mwongo, kwa niaba yenu."

Akida akainua kata, akanywa mpaka tone la mwisho. Vigelegele vikalipuka, Melania kapatikana.

Mabula alivisikia vizuri tu: wasiwasi ulishamfikisha chooni.