Namba Thelathini na Moja

Kabla kompyuta hazijaja, vizazi vya kisiwa kile viliandikwa katika daftari la jalada la kijani, na nafasi ya jina iliweza kukaa wazi hata miezi miwili bila mtu kuumwa na kichwa. Huko Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, jina la mtoto hutoka kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, na shangazi ana mambo yake: huenda yuko ng'ambo, Auckland, anasafisha hoteli, huenda anaumwa, huenda anataka kwanza abembelezwe. Daftari lilimsubiri. Mfumo mpya haukujua kusubiri; nafasi ya jina ikiwa tupu, ulikataa kusonga mbele.

Aliyeupigania mfumo huo ni Lesieli Taukolo, msajili wa kisiwa, mwanamke wa miaka hamsini na mbili asiyetaka mchezo na kazi. Alikwenda mji mkuu mara tatu kwenye semina, akarudi na kompyuta mbili, printa, mashine ya kutoa namba za foleni, na kanuni. Nyingi alizitunga mwenyewe. Hakuna kuruka foleni, hata uwe mchungaji. Skrini ya pili itazame upande wa wananchi, waone kila herufi inayoandikwa juu yao. Saa kumi kamili mfumo ujifunge wenyewe, ili mtu asije saa kumi na robo na kikapu cha samaki kuomba afanyiwe mpango. Na haki yake apewe: kazi ilinyooka. Cheti kilichokuwa kikisubiri meli wiki nane sasa kilitoka kabla mtu hajamaliza kujipepea.

Kilichobaki kuwachekesha watu ni swali la kumi na nne. Watu wa mji mkuu walilitia ili kuzuia upendeleo: "Je, afisa, wewe ni jamaa wa mtoto huyu?" Kisiwa chote kina watu elfu mbili. Lesieli alibonyeza Hapana kwa watoto wa binamu zake, kwa wajukuu wa mama zake wadogo, na kwa mapacha wa jirani ambaye alikuwa mjomba wake kwa njia mbili. Chini ya kila cheti yalichapwa maneno "Kimeandikwa na afisa asiye jamaa", na watu wakayasoma kwa sauti njiani kurudi nyumbani, mbavu hawana.

Ofisini alikuwa na msaidizi, Filimone, mzee mpole kutoka visiwa vya mbali kaskazini, aliyeletwa pale na ndoa. Kompyuta ilimtisha. Lesieli alimfundisha siku mbili, siku ya tatu akamwambia mbele za watu kwamba kidole chake kinafaa kuchokonolea pua tu, akampeleka kukaa kwenye mashine ya namba. Tangu hapo Filimone alitoa namba na kubana karatasi kwa pini.

Jumanne moja, saa tisa kasoro dakika kumi, Lesieli aliita namba ishirini na nne, akasimama Vika amebeba kichanga.

Vika alikuwa mke wa Kelepi, na Kelepi ni mdogo wake Lesieli, tumbo moja. Miaka minne nyuma, siku ya arusi yao, ule mkeka mkubwa wa kazi ya mkono, ambao ni wa dada mkubwa wa bwana arusi na haujawahi kuwa wa mtu mwingine, Kelepi aliutoa akampa mke wa mchungaji. Alifikiri anaonyesha adabu. Lesieli aliinuka pale pale, nguruwe hajakatwa, na tangu siku ile hakuonja chakula cha nyumba ile. Sasa Kelepi alikuwa nje ndani ya pikapu. Kaka na dada hawakai chumba kimoja, ndiyo heshima yao, na heshima hiyo iliwafaa wote wawili vizuri mno, maana hakuna aliyeweza kusema inaishia wapi na kinyongo kinaanzia wapi.

"Wifi," Vika alisema.

"Namba?"

"Ishirini na nne. Si umeiita mwenyewe?"

"Weka kwenye bakuli."

Vika akaiweka. Akafunua kitambaa kidogo ili mtoto apate hewa. Mtoto alikuwa na wiki tano, na midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Moyo una tundu," alisema. "Auckland wametupa kitanda. Ndege ya hapa ni kesho asubuhi, ile kubwa ni keshokutwa. Watu wa pasipoti mjini wanasema wataimaliza kesho hiyo hiyo, lakini leo kabla ya saa kumi waone kizazi kimeingia kwenye mfumo. Tukikosa, nafasi nyingine ni mwezi wa nane. Daktari anasema tusihesabu mwezi wa nane."

Lesieli alifungua ukurasa mpya. "Jina la mtoto?"

"Hana."

"Wiki tano mnamwitaje?"

"Tunamwita mtoto."

"Mngempa lolote. Mfumo haubagui majina."

"Kelepi kakataa. Anasema jina liko kwako, hata kama umelikalia."

"Wiki tano amelilalia!" alidakia Kalolaine, namba ishirini na tano, mwanamke mnene aliyekuwa akijipepea kwa fomu. "Kuku mwenyewe huangua kwa tatu."

Watu wa foleni wakacheka. Lesieli hakucheka. Kelepi alikuwa amemtumia shemasi mara mbili kuomba jina, naye mara zote mbili alimrudisha shemasi bila jibu. Alitaka abembelezwe. Alitaka nguruwe, alitaka mikeka, alitaka mtaa mzima uone. Hilo alilijua na wala hakulionea aibu, mpaka alipoiona ile midomo. Jina lenyewe alikuwa nalo tangu aliposikia Vika ana mimba; aliliandika nyuma ya kalenda ya jikoni, na kila mwezi alipofunua ukurasa alilipitia kwa macho.

Akaandika: Sunia. Lilikuwa jina la baba yao, yeye na Kelepi. Vika alilisoma kwenye skrini ya wananchi, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mengine yalikwenda haraka, tarehe, uzito, kijiji, mpaka swali la kumi na nne likajitokeza. Mkono wa Lesieli, kwa mazoea, ukapeleka mshale kwenye Hapana.

"Bonyeza tu, wifi," alisema Vika. Hakupaza sauti. "Miaka minne sisi unatubonyezea hilo hilo."

Kalolaine akaacha kujipepea. Lesieli aliona uso wake mwenyewe ukimwaka kwenye kioo cha skrini, na akaona haya, haya za kweli, za mtu aliyekutwa. Kidole kimoja tu kingemaliza kazi. Alikwisha kufanya hivyo mara arobaini bila kope kutikisika. Akausogeza mshale, akabonyeza Ndiyo.

Ukurasa ukageuka rangi ya kijivu. "Afisa huyu hawezi kuendelea. Aingie afisa mwingine asiye jamaa, au ombi lipelekwe makao makuu. Muda: siku kumi na tano za kazi."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Kisiwani pale afisa mwingine alikuwa mmoja tu, na jamaa zake walikuwa mkewe na nguruwe wake.

"Filimone," Lesieli alisema, "njoo uingie kwenye mfumo."

"Mimi?"

"Kwani ofisi hii ina Filimone wangapi?"

"Neno la siri silikumbuki, mama. Niliandika ndani ya kitabu cha nyimbo."

"Kilete."

"Kiko kanisani."

Filimone hakuwa mtu wa kukimbia. Alivaa kofia, akatoka, na kutoka dirishani watu wote walimtazama akipita kwa hatua zake zile zile mbele ya duka la Mchina, akimsalimu huyu, akimsalimu yule. Vika alimpepea mtoto. Hakuna aliyetania tena. Filimone aliporudi na kitabu kwapani ilikuwa saa tisa na nusu imepita dakika mbili.

Alikaa kwenye kiti cha Lesieli, akakishusha kidogo, akavaa miwani. Herufi kumi za neno la siri zilimchukua muda wa ubeti mzima. Mfumo ukamkubali, na yeye mwenyewe akaonekana kushangaa.

"Mtoa jina nani?"

"Mimi, Filimone," alisema Lesieli. "Unanijua."

"Mtoa jina hukaa upande wa wananchi," alisema Filimone kwa upole. "Na huchukua namba."

Hapo foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Lesieli alizunguka kaunta. Katika miezi minane ya mfumo mpya hakuwahi kusimama upande ule, na aliona kwa mara ya kwanza kwamba kaunta ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika, mtu mfupi angelazimika kuinua kidevu. Akabonyeza mashine. Ikamtolea thelathini na moja.

"Thelathini na moja!" Filimone akaita, kwa ile sauti ya kuanzishia wimbo.

"Karuka foleni huyo!" alipiga kelele Kalolaine. "Mimi ishirini na tano niko hapa nimeota mizizi!"

"Unisamehe, Kalolaine," alisema Lesieli.

Neno lile hakuna aliyekuwa amelisikia ndani ya ofisi ile.

Ikabidi kila kitu kiandikwe upya, herufi moja kidole kimoja. Lesieli alishika ukingo wa kaunta ili mikono yake isivuke kwenda kusaidia. Saa tisa na dakika arobaini na tatu walifika swali la tisa.

"Uhusiano wa mtoa jina na mtoto," Filimone alisoma, akashusha orodha. "Baba. Mama. Babu. Bibi. Mlezi. Mwingine." Akapandisha tena, akashusha tena. "Shangazi simwoni."

"Hayumo."

"Labda yuko chini kabisa."

"Filimone, hayumo."

"Tonga hii hii?" Kalolaine alisema. "Orodha ya watoa majina haina shangazi? Nani mwenye akili zake kaandika kitu hicho?"

Lesieli alikikumbuka vizuri kile chumba cha semina, feni inagonga, biskuti mezani. Kijana wa kampuni iliyotengeneza mfumo alikuwa amefanya kazi yake ya kuuliza. Nimesikia kwenu shangazi ndiye anayetoa jina, alisema, tumweke? Watu thelathini wa visiwa vyote walimgeukia Lesieli, kwa kuwa ndiye aliyezijua kompyuta. Ugomvi wa mkeka ulikuwa na miaka miwili. Yeye akajibu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, mweke "mwingine", inatosha. Wote thelathini wakaandika. Na ukweli usemwe, siku ile alipolitamka aliona raha.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini?" Kalolaine akauliza.

"Niliyeiandika. Filimone, weka Mwingine, muda unakwenda."

Filimone akaweka. Akasonga mpaka swali la kumi na nne, akalisoma kwa sauti yote, akamtazama mtoto, akamtazama Vika, akafikiri kwanza. "Hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile jibu hilo likawa kweli.

Saa kumi kasoro dakika saba printa ikaanza kunguruma. Kasoro tano likaingia jibu la watu wa pasipoti: imepokelewa, mje kesho mchana. Kwa kuwa Vika alihitaji mikono yote miwili kukipokea cheti, alimpa Lesieli mtoto. Hakuuliza. Alimtua tu kifuani mwake, akatoka na karatasi kwenda kwenye pikapu.

Mtoto alikuwa mwepesi kupita kiasi. Lesieli alisikia pumzi zake fupi fupi shingoni. Kupitia dirisha aliona mkono wa Kelepi ukitoka kupokea cheti, kisha haukuonekana tena kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko wa kukisoma cheti chenyewe.

Vika alirudi akasimama mlangoni.

"Kelepi analia kwa jina," alisema. "Lakini ameona pale chini ya cheti pameandikwa jina limetolewa na Mwingine. Anauliza, huyu mwingine ni nani?"

Lesieli angeweza kumjibu kwa sauti ndogo. Akajibu kwa sauti ya kufika nje.

"Mwambie ni dada yake. Mwambie shangazi nilimtoa mwenyewe kwenye orodha kwa hasira ya mkeka. Si wa nyumba yake tu. Wa nchi nzima."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Kelepi alishuka, na hapo ndipo watu walipoona alivyovaa. Alikuwa amejifunga kiunoni mkeka mkuukuu, mkubwa, wenye kingo zilizochakaa, ule wa kuvaliwa mbele ya mtu aliyekuzidi, siku ya msiba au siku ya kuomba radhi. Alikuwa ameuvaa tangu asubuhi, amekaa nao kwenye gari ambamo hakuna anayeuona. Alikuja mpaka kizingitini, hakuvuka. Alikaa chini kwenye saruji yenye jua, akainamisha kichwa, asimtazame dada yake.

"Ishirini na tano!" Filimone akaita.

"Hebu ngoja kwanza, na wewe," Kalolaine akamwambia, machozi yanamtoka.

Kwa heshima ya kaka na dada, Lesieli hakuweza kumwendea, wala Kelepi hakuweza kuingia. Alimlaza mtoto vizuri begani. Saa kumi kamili mfumo ukajifunga wenyewe kama alivyoagiza, na wale sita waliobaki na namba mikononi hawakuuliza.

"Vika," alisema, "mwambie mume wako ainuke, jua litamuunguza. Mwambie mkeka nimeuona."