Takataka za Masikioni

Ninga alikishika kile kijisanduku kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari, akakiinua hadi puani na kukinusa.

"Kinanuka kandambili," akasema. "Tena kandambili zilizosahauliwa juani."

Mwanawe hakushtuka, maana alishazoea. Alikuwa na kaduka ka simu pale mtaani, ka kuuza chaja, vioo na makava, na kila alipoletewa spika mpya za masikioni, zile za bei ya chini za kutumbukiza ndani kabisa ya tundu, alizipeleka kwanza kwa mama. Mama anazijaribu, kisha anakaa sebuleni kwenye kigoda, kijana anamrekodi kwa simu na kuwatumia wateja. Watu walizipenda hizo video kupita kiasi. Si kwamba Ninga alisifu vitu. Raha yenyewe ilikuwa kwamba hakusifu. Alijua kukunja pua na kubetua mdomo, na akitamka neno "takataka" unaweza kulisikia likinuka. Tena aliaminiwa. Enzi za usichana wake aliimba wimbo mmoja na bendi, wimbo ukapigwa kila harusi na kila redio, mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika akabaki Ninga, yule ndege.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuruhusu mtu auguse. "Muziki hausikilizwi kwa kukaa kitako," alipenda kusema. Basi kila spika aliivaa akiosha vyombo, akipanda ngazi, akienda sokoni, akijilaza kitandani upande huu na ule. Mwisho wa yote aliweka wimbo wake mwenyewe, ubeti wa mwisho, pale sauti inapopanda, inakaa juu, inatetemeka na kushuka taratibu. Kidude kilichoshindwa kuubeba ubeti ule bila kuukwaruza kilikuwa cha jalalani. Kikiweza, hakutoa hukumu bila kuwaagiza wateja: nendeni ubeti wa mwisho, msikilize pale sauti inapopanda, ndipo mtaniamini. Wote walikwenda. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mwanamke huyu aliipima dunia nzima kwa koo lake.

Barazani, nyuma ya cherehani, alikaa mdogo wake, fundi nguo, ambaye kijana alimwita mama mdogo. Alikuwa mwanamke mkimya mwenye mwanya mpana. Katika nyumba ile aliyeimba alikuwa mmoja tu. Zamani mdogo mtu alikuwa akiimba chinichini huku akishona, hadi siku Ninga alipomwambia mbele ya wateja, "Nyamaza wewe, sauti yako kama bawaba iliyokosa mafuta." Wateja wakacheka, naye akanyamaza moja kwa moja.

Asubuhi iliyofuata Ninga alianza kazi kwa kinyaa chake cha kawaida. Alizifuta zile raba ndogo kwa spiriti, akazifuta tena, ijapokuwa kijisanduku kilikuwa kimefungwa kwa plastiki. Nani ajuaye zilipita kwenye sikio la nani huko kiwandani? Angeweza kuosha kidonda cha mtu bila kusita, lakini nta ya sikio la mtu mwingine ilimfanya atake kutapika. Kisha akazichomeka, akakunja mikono ya gauni na kuingia jikoni.

Waya ulikuwa mgumu. Kila uliposugua gauni, ulimletea masikioni mkwaruzo wa panya darini. Kipande cha kulia kilimbana, cha kushoto kilizunguka kama kinatafuta mlango wa kutokea, mpaka alipobadilisha raba na kuweka kubwa zaidi. Hapo zikaziba kweli. Bomba lilimwaga maji mbele yake bila kelele. Alikubali hilo kwa shingo upande. Lakini besi?

"Besi iko wapi?" aliiuliza sufuria. "Imekwenda msalani?"

Vijana wanataka besi inayotikisa fuvu, na hii ilikuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa. Alipofika kwenye wimbo wake alikuwa ameshaitunga hukumu kichwani, pamoja na matusi matatu mapya.

Kumbe unyonge wa ile besi ndio uliokuwa na mambo. Spika zote za bei ile alizowahi kujaribu zilimwagiwa besi hadi shingoni, sauti ya mtu ikazama humo. Humu hapakuwa na pa kuzama. Ngoma ilikaa kwake, gitaa kwake, na sauti ikabaki katikati, tupu, ukasikia hadi mate yakimezwa. Ninga akasimama na sahani mkononi. Hajawahi kuisikia sauti yake hivyo tangu siku wimbo uliporekodiwa. Akatabasamu, akaanza kujipenda upya.

Ubeti wa mwisho ukaingia. Sauti yake ikapanda, ikafika nusu ya mlima, ikavuta pumzi. Ile pumzi ikakatika ghafla. Sauti iliyoendelea kupanda haikuanzia pale pale. Ilianzia kulia kidogo, mbichi zaidi, na kila ilipogusa neno lenye mlio mkali ilitoa kijimluzi chembamba, kama hewa ipitayo kwenye nafasi baina ya meno.

Alirudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena. Ninga hana mwanya. Katika ukoo wao mzima mwanya ni wa mmoja.

Akaikumbuka siku yenyewe. Alikuwa na mafua na koo lilikuwa limefunga. Kiongozi wa bendi alimshika bega akamwambia ubeti wa mwisho umetoka safi kabisa, nenda nyumbani kapumzike. Akaenda. Mdogo wake, aliyemsindikiza kumbebea chupa ya chai, alibaki kukusanya vyombo.

Alizichomoa spika akazitupa mezani, akanawa mikono, akanawa na masikio. Alitaka wa kumtukana, lakini kiongozi wa bendi alishakufa zamani na marehemu hatukanwi. Akahamia kwa mdogo wake. Miaka yote hiyo anamwona akishangiliwa, anakula naye sahani moja, anamshonea hadi magauni ya kuimbia, kimya! Kikulacho ki nguoni mwako. Kulikuwa na mtu wa tatu wa kuchukiwa, lakini huyo Ninga hakutaka kumkaribia kwa wakati ule.

Tena kulikuwa na jambo la kesho. Kesho angekaa mbele ya simu. Akisema spika hizi ni nzuri, itabidi awapeleke watu kwenye ubeti wa mwisho kama kawaida yake, nao watasikia alichokisikia. Nusu ya mtaa inaujua ule mwanya. Akisema ni mbovu, kijana atarudisha boksi zima kwa aliyemletea na hakuna atakayesikia kitu. Tatizo lilikuwa moja tu: Ninga alikuwa na ulimi mchafu, lakini hajawahi kudanganya juu ya alichokisikia. Hicho ndicho kitu pekee alichojivunia bila msaada wa bendi.

Akatoka barazani.

"Dada, mbona umekunja uso hivyo?" mdogo wake akauliza. "Kuna kitu kimeungua?"

"Vaa hizi."

"Mimi? Na nta yangu? Wewe si ndiye unayeona kinyaa—"

"Vaa nimesema!"

Mdogo mtu akavaa. Ninga akabonyeza. Ubeti wa mwisho ulipoingia, miguu iliyokuwa kwenye pedali ya cherehani ilisimama. Hakulia wala hakutabasamu. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kama anayekagua mshono.

"Pale juu nilibana mno," akasema. "Nilikuwa naogopa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Nimerudi jioni nimekukuta na homa. Nikasema apone kwanza. Ukapona, wimbo ukatoka, ukawa hushikiki. Halafu ukaniambia ulichoniambia, hapa hapa, mbele ya watu."

"Si ungenijibu!"

"Nikujibu nini, dada? Kwamba hiyo unayojivunia ndiyo bawaba yenyewe?"

Lililomtoka Ninga lilimtia aibu hata yeye mwenyewe: "Usimwambie mtu."

"Sijamwambia mtu miaka yote. Nianze leo nina nini?" Mdogo wake akazichomoa spika, akachukua kipande cha kitambaa safi, akazifuta raba taratibu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa alimjua dada yake, ndipo akamrudishia. Ninga akazipokea. Wema ule ulimchukiza kuliko nta.

Kesho yake alikaa kwenye kigoda sebuleni, na haijapata kutokea video tamu kama ile. Aliutukana waya, akalitukana boksi, akaitukana besi na wazazi wa besi. Alipofika kwenye wimbo, alitazama pembeni. "Sauti za waimbaji haziko," akasema. "Zimefukiwa. Ukizinunua hizi, usije ukasema Ninga hakukuonya. Takataka!"

Kijana akashusha simu, uso umesawijika. "Mama, mimi nilizisikiliza dukani. Niliona sauti ndiyo inayotoka vizuri kuliko zote tulizowahi kuleta."

"Wewe una masikio, au una vipini vya sufuria?"

Akacheka kidogo, akainamia simu kuipunguza ile video kabla ya kuituma. Aliyaamini masikio ya mama yake kuliko yake, na Ninga aliliona hilo usoni pake waziwazi.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kutafuta uzi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Kama ni takataka," akamwambia kijana, "basi nipe mimi. Nitakuwa nashonea nazo."

"Chukua, mama mdogo. Hizo ni za majaribio, hazirudishwi."

Ninga alifungua mdomo kukataa, akakosa sababu ya kukatalia. Mdogo wake akazichukua pamoja na simu yake, akarudi kwenye cherehani, akajichomeka raba zile kubwa zinazoziba. Cherehani likaanza kukereza. Ninga akasimama dirishani akijifanya anapanga mapazia, huku akimwomba kila anayeombwa kwamba mwanamke yule aweke taarifa ya habari, mahubiri, mpira, chochote kile.

Kwanza ulisikika mguno. Kisha maneno. Aliyezibwa masikio hajui anapaza sauti kiasi gani, na mama mdogo hakujua. Aliimba akifuata mshono, kichwa kinakwenda na pedali. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili, sauti inazidi kufunguka, mpaka mpita njia mmoja akapunguza mwendo.

Kijana aliruka kitini, simu mkononi, macho yanang'aa. "Ubeti wa mwisho huo! Mama, endelea hivyo hivyo, nakurekodi! Hujaimba hivyo tangu—"

Akamwona. Ninga alikuwa amesimama mbele yake na mdomo umefumbwa, amebana midomo mpaka imepauka. Sauti iliyojulikana kuwa yake ilikuwa ikipanda barazani, inakaa juu, inatetemeka, na kijimluzi chake. Kijana akamtazama mama yake. Akatazama barazani. Akarudisha macho kwa mama yake, na safari hii hakucheka.

"Mama," akasema polepole, "hizi spika ni takataka kweli?"

Yule mtu wa tatu wa kuchukiwa sasa alikuwa amefika, na hapakuwa na pa kumkimbilia. Ninga alijiona alivyokuwa: mwanamke mzima, amewaziba watu masikio kwa uongo ili mdogo wake asisikike. Hajawahi kukutana na kitu kilichomtia kinyaa namna ile.

"Futa hiyo video," akasema, akiyatoa maneno kama mtu anayetema. "Futa nikuone. Halafu kamwite mama yako mdogo, aje akae kwenye kigoda hiki."

"Nimwambie aje kufanya nini?"

"Aje awaonyeshe watu ubeti wa mwisho! Kamwite, usinitazame hivyo!"

Kijana akaenda mlangoni akaita. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Mama mdogo hakugeuka. Zile spika zilikuwa zimeziba barabara, na ikabidi wote wawili wangoje hadi amalize.