Majoho Yaliyokunjwa Ndani Nje

Jumanne ile cherehani haikulia. Binti aliamshwa na ukimya, maana tangu utotoni alizoea kuamka kwa mlio wa kanyagio chumba cha pili, kabla hata maji ya chai hayajachemka. Alimkuta shangazi yake kitandani, amelala chali, mdomo umevutika kushoto kama siku zote. Alikuwa ameshapoa.

Mdomo ule ulipinda kwa maradhi ya utotoni, na jicho la upande huo halikufumba sawasawa. Watoto wa mtaani walimwita Kombo. Yeye aliitika, kisha akawauliza hali za mama zao. Binti, mtoto wa kaka yake ambaye Shangazi ndiye aliyemlea, kwaya ilimwita Kidosho kwa uzuri wake. Shangazi peke yake hakuwahi kumwita hivyo.

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi aliishonea kwaya majoho na kuimba humo sauti ya pili. Alikuwa na desturi yake. Nguo iliyokwisha aliipiga pasi, akaikunja ndani nje, mishono yote ikimtazama mteja. "Kagua hapa kwanza," alisema. "Huku kwingine hata pasi inadanganya." Wateja walicheka, wakaigeuza harakaharaka.

Novemba iliyopita kwaya ilipiga picha ya kalenda. Asubuhi hiyohiyo mchungaji alikuwa amehubiri habari za nabii aliyetumwa nyumbani kwa Yese, akavutiwa na wale wana warefu, kumbe Mungu anamtaka aliyeachwa machungani na kondoo. Kwaya iliitikia amina hadi madirisha yakatetema. Walipotoka nje, mwalimu wa kwaya akamsogelea Shangazi.

"Dada, naomba utushikie mikoba. Ni picha tu."

Shangazi akashika mikoba ya watu wote. Kidosho akapangwa mstari wa mbele, katikati.

Sasa, Jumamosi ya wiki iliyofuata mazishi, mwalimu huyohuyo alikuwa ameketi sebuleni, pamoja na Msumari, kijana mwembamba wa sauti ya nne aliyekuja kubeba mizigo.

"Pole tena, mwanangu. Tumefuata majoho mapya. Na lile la marehemu pia, bado zuri. Tumepata binti mwingine wa sauti ya pili, ana sura ya jukwaani."

Kidosho alihisi damu ikimpanda masikioni. Alikwenda chumba cha pili, akarudi na majoho kumi na manne, akayabwaga mezani mbele ya mwalimu. Yote yalikuwa ndani nje.

"Kagua hapa kwanza, Mwalimu."

"Nina haraka, mama."

"Miaka kumi na tisa una haraka. Kagua."

Mwalimu akafunua la juu. Hakukuwa na uzi uliochomoza. Pindo la chini lilikuwa pana kama kiganja, limekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mkono, ili liweze kuteremshwa. Msumari akalitafuta lake. Pindo lake lilishinda yote kwa upana.

"Alijua bado narefuka," Msumari akasema taratibu. "Hata mama hajanipimia hivi."

"Alikuwa mtu mwema," mwalimu akasema. "Lakini elewa, kanisa nalo lina sura yake."

"Sura ya nani? Uliitikia amina, Mwalimu, halafu ukamtwisha mikoba. Mtu aliyekushonea hadi kola ya shingoni! Ungemwomba radhi akiwa hai. Sasa unamwita mwema kwa sababu hakuoni tena kwa lile jicho."

Mwalimu akainama, akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake kwa kidole. Msumari ndiye aliyejibu.

"Na wewe ulikuwepo. Ulicheka."

"Mpiga picha alisema tucheke."

"Alisema tutabasamu, dada. Wewe ulicheka. Mimi pia. Mtunza mikoba, tulimwita."

Kidosho akalikunja upya lile joho la juu, ndani nje vilevile. Wiki nzima alikuwa akimgombeza Mungu kwa maneno makali, akimgombeza mwalimu kichwani, akiwagombeza watoto wa mtaani. Jioni ile ya Novemba Shangazi alimkandia miguu kwa sababu viatu vya picha vilimbana, na hakuuliza neno. Mungu aliyaona yote mawili, ile mikoba na yale meno yake mbele ya kamera. Hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko mwalimu.

"Ni kweli," akasema. Sauti yake ilikuwa bado na hasira, ila haikumlenga mtu mwingine tena. "Chukueni haya. Mawili ambayo Shangazi hakuyamaliza nitayapinda mwenyewe, na pindo la akiba nitaacha. La Shangazi halitoki humu."

"Litakaa kabatini likiliwa na nondo?" mwalimu akauliza.

"Nitalivaa mimi. Mstari wa nyuma, pale alipokuwa akisimama. Huyo mwenye sura ya jukwaani mpe nafasi yangu."

Mwalimu alinyanyuka bila kumaliza chai. Msumari alibeba majoho yote kifuani, na hakuyageuza.

Siku hizi binti, ndani ya joho la Shangazi, anaimba sauti ya pili mstari wa nyuma, na mwalimu humsalimia kwa kichwa tu. Kalenda ingali ukutani katika ofisi ya kanisa, yeye katikati, meno yote nje. Itakaa pale hadi Desemba.